Niliyemwita Alikuwa Mmoja

Usiku wa jana niliota niko kazini, kwenye hospitali ambako natunza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta. Sista Perpetua amesimama mlangoni, glavu zake zina damu.

"Bi Tunu, yule mgonjwa Sikudhani amejifungua na damu haikati. Nipe kundi lake la damu. Hilo tu."

Naita kwenye kompyuta mstari wa taarifa za Sikudhani. Mstari unakuja kwa miguu.

Ni taarifa zake zote, zimeshikana mikono kutoka ukumbini hadi nje ya geti. Mbele yuko Jina, mama mwembamba aliyejifunga kanga. Anafuata Kijiji, amekuja na kuku wake. Kisha Dini, kisha Urefu, kisha Simu ya Mume, ambaye analia na kujipokea mwenyewe. Kundi la Damu yuko mwisho kabisa, ng'ambo ya barabara.

"Namtaka yule wa mwisho," nasema.

"Ukimwita mmoja tunakuja sote," anajibu Jina. "Ndivyo mlivyotupanga."

Mlango unapitisha mmoja mmoja. Kijiji anarudi kufuata kuku. Sista anatazama saa ya ukutani.

"Usinitazame mimi, Sista," saa inamwambia.

"Achianeni mikono!" napaza sauti. "Kila mtu akakae na wenzake. Majina chumba chao, makundi ya damu chumba chao."

Wanaachiana. Hospitali inageuka korido ndefu yenye vyumba pande zote. Nafungua kimoja tu. Kundi la Damu, ambaye ndiyo kwanza anakaa, ananyoosha mkono.

"O hasi."

Sijamaliza hata kumshukuru, damu imeshatundikwa. Nafurahi. Kwa muda mfupi nafurahi sana.

Sikudhani anafumbua macho, mtoto yuko kifuani.

"Ahsanteni," anasema. "Kwani mimi naitwa nani?"

Nafungua mdomo kumjibu. Jina halimo mdomoni. Namtazama Sista. Na yeye hanalo.

Nakimbilia chumba cha majina. Kimejaa majina ya wagonjwa wote, na wote wamejifunga kanga ya aina moja.

"Nani wa yule mama?"

Wanatazamana. Mmoja wa nyuma anainua mkono taratibu. "Labda mimi. Mkono huu ulikuwa umemshika mtu. Sasa hauna kitu."

Ananikamata kifundo cha mkono kwa vidole vyenye hina mbichi, tunatoka. Korido inarefuka. Tunatembea, inarefuka. Kule mwisho namsikia yule mama akimuuliza mtoto wake, "Na wewe, mama yako nani?"

"Laiti ungetuambia kila mtu akumbuke namba ya mstari wake," anasema Jina, bila hasira. "Tungekaa mbali mbali na bado tungejuana."

"Nisamehe, mama. Niliona haraka tu."

"Haraka ilikuwepo kweli," anasema, na kunikamata kwa nguvu zaidi.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Kwenye kifundo changu cha mkono kulikuwa na alama za vidole vinne, za hina, bado mbichi. Nyumbani kwangu hakuna anayepaka hina.