Sura Zilizofunikwa kwa Laka

Asubuhi ile Khoát aliushusha ubao mweusi ukutani, akaulaza mezani uani na kuumwagia maji. Mchoraji huyu wa Hanoi alikuwa amezunguka nusu ya dunia, na ile nusu iliyobaki aliizunguka kwa mdomo. Kule Marseille, alisema, mbwa wa mjane mmoja aliinamisha kichwa kila alipopita mbele ya picha aliyoichora Khoát. Siku nyingine akisimulia, mbwa huyo alikuwa farasi.

Lakini ubao huu hakuwahi kuutungia uongo. Wageni wakiuliza, alisema ni ubao tu. Lượng peke yake, mpishi mstaafu wa treni na mpenzi wake tangu ujana, ndiye aliyejua kwamba chini ya weusi ule walikuwamo wao wawili, wamekaa kwenye benchi la behewa, vidole vimeshikana. Khoát aliwachora, akaingiwa na woga wa enzi zile, wanaume wawili wasipoweza kupendana hadharani, akawafunika kwa laka, ule utomvu mweusi wa kupaka mbao, tabaka juu ya tabaka, mpaka wakapotea.

Kazi ya laka ndivyo ilivyo: picha unaifunika, kisha unaisugua kwa msasa na maji mpaka ipande juu. Ukisugua kidogo, huoni kitu. Ukizidisha, umeshaila, na hairudi tena.

Na sasa mkono wa Khoát ulikuwa unatetemeka. Daktari alishasema ugonjwa huu unakwenda mbele tu.

"Tumwite fundi," Lượng alisema.

"Fundi si huyu hapa, tena kafungwa mota!" Khoát akauinua mkono ukichezacheza. "Wenzangu wananunua mashine."

"Mashine ina swichi, mzee. Wewe unazimwa wapi?"

"Miaka yote hii hujajua tu?"

"Ovyo! Sugua kazi yako."

Akasugua. Dirisha la behewa likajitokeza, likawaka dhahabu. Kote alikosafiri walimsifu kwa ujasiri, naye akipokea sifa hizo huku ujasiri wenyewe umetundikwa nyumbani, mweusi tii. Hakutaka kuuacha hivyo. Akaingia kwenye sura yake mwenyewe. Mkono ukaruka. Alipofuta maji, pua ilikuwa imekwenda.

Akautazama msasa, kisha akampa Lượng.

"Sura yako siisogelei. Sugua wewe."

"Mimi? Mimi najua kupara samaki!"

"Basi para kama samaki unayempenda. Vidole vikianza kuteleza, ujue umefika, acha."

Lượng akasugua, ulimi umebanwa kwenye meno, Khoát akimpigia kelele pembeni. Polepole akatokea kijana mwenye nyusi nene, anacheka.

"Nilikuwa mzuri hivi?"

"Hapo nimekupunguza. La sivyo treni ingeacha reli."

Bi Nhàn, jirani yao, akaingia na kapu la mboga, akainama juu ya meza.

"He! Nani hawa?"

Lượng akamwangalia Khoát. Jibu lile la 'ni ubao tu' lilikuwa pale pale, tayari mdomoni mwa Khoát.

"Mimi na mume wangu," Khoát alisema.

"Hilo mtaa mzima tunalijua, kaka. Nauliza pua yako iko wapi?"

"Imeliwa na panya wa treni. Weka kapu chini, shika upande huo. Tunakwenda kuutundika mbele, kunakotazama barabara."