Siku ya Nywele za Alcides

Nina watoto saba na sioni haya. Wale walionicheka kwamba nazaa kama simbilisi walijibiwa na mama mkwe wangu, Mama Gumersinda: "Mnawalisha nyie?" Aliyewalisha ni mume wangu Eleuterio, mwashi, mpaka alipoanguka kazini akavunjika nyonga. Miezi mitano sasa anakaa kwenye benchi la mlangoni, nasi tunakula viazi asubuhi, viazi mchana, na jioni tunabadilisha: supu ya viazi.

La tumbo tuliliweza. Lililonishinda ni la Yobana, binti yangu mkubwa, miaka kumi na mitatu, wa kwanza darasani. Sekondari iko mjini, ng'ambo ya mlima, na bweni lilitaka kulipwa kabla ya Jumatatu. La sivyo, mama yake wa ubatizo angemchukua mpaka jijini Lima akamsaidie kazi za nyumbani. "Atakula vizuri," alisema. Nakujua huko kula vizuri. Nilikula hivyo mimi, jikoni, nimesimama, miaka sita.

Nikamwambia Eleuterio tuwaombe watu. Akawaka. "Sijawahi kunyoosha mkono, Saturnina. Nianze leo?" Mtu huyu alikwisha kumrudishia jirani yetu Teodosia gunia zima la shayiri, eti hakuliagiza. Kichwa kigumu, jamani!

Basi nikamfikiria Alcides. Huyu ni kitinda mimba wetu, ana miaka mitatu, na nywele zake zilikuwa hazijaguswa na mkasi tangu azaliwe. Zimeshuka hadi kiunoni, wapita njia wanamwita msichana. Kwetu nywele za kwanza hukatwa kwa sherehe. Baba wa ubatizo hukata kifungu kimoja, akaweka pesa kwenye sahani, na kila mgeni baada yake vivyo hivyo. Wengine hutoa hata kondoo. Sahani ile ni mali ya mtoto, ya kuanzia maisha, na mzazi haigusi. Mimi nilikusudia kuigusa. Nasema kweli tupu: nilikusudia kumwibia mwanangu mmoja nimwokoe mwingine, na usiku usingizi ulinipaa kwa aibu.

Jumapili asubuhi, wageni niliowaalika wako njiani, simbilisi wote kumi na wawili niliowafugia sherehe hiyo wako motoni, nikasikia vicheko nyuma ya zizi. Pacha wangu wa miaka sita, Rufo na Efraín, wanacheza kinyozi na mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Kichwa cha Alcides kama shamba lililoingiliwa na mbuzi, nywele zote ziko matopeni, na mwenyewe anachekelea!

"Tulitaka apendeze, mama," akasema Rufo.

Sikuwapiga. Nikakaa papo hapo kwenye matope, nikalia.

Wageni wakafika. Mzee Crisanto, mwenye lori, baba wa ubatizo wa Alcides, alikuja na mkasi mpya uliofungwa utepe. Akamzungusha mtoto, akamtazama huku na huku. "Mama Yobana, mimi hapa nikate nini? Masikio?"

Watu wakaangua kicheko. Kisha wakaitazama sahani tupu, maana pasipokatwa nywele hapawekwi kitu, na kumpa Eleuterio sadaka nani athubutu?

"Kuleni, ndugu zangu," Eleuterio akasema kutoka benchini. "Chakula kipo. Kukata hakuna."

Yobana alikuwa akigawa viazi. Aliweka bakuli chini taratibu, akaingia ndani, akaanza kufunga nguo zake kwenye kitambaa. Hakuniangalia. Moyo uliniuma, wee acha tu.

Ndipo Mama Gumersinda akainuka na kikombe chake cha pombe ya mahindi. "Yupo mmoja hapa hajakatwa kwa sherehe," akasema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Mwaka wake wa kukatwa baridi iliua viazi vyote. Nilimkata mwenyewe kimyakimya, bila mgeni, bila sahani."

"Mama! Nina miaka arobaini na moja!"

"Na nywele unazo. Tulia."

Mzee Crisanto akauliza nani baba yake wa ubatizo. Akaambiwa alishafariki. "Basi ni mimi," akasema, akafungua utepe.

Eleuterio akafumbua kinywa kukataa. Nikamwinamia. "Baba Yobana, hii si kuomba. Ni haki yako tangu zamani, ilichelewa tu." Akageuka kutazama ndani, alipo binti yake na kile kifurushi. Akavua kofia.

Nikuambie, walimkata, kila mtu na utani wake! "Kichanga kina mvi hiki!" "Mpeni ziwa asilie!" Teodosia alikata fungu nene kuliko wote. "Na shayiri yako naileta kesho, mtoto mkaidi we!" Eleuterio akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke, anacheka na machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

Walipomaliza, Mzee Crisanto alimwekea sahani mapajani, imejaa noti na nywele. "Haya, mwanangu. Mali yako. Utaanza nayo nini maishani?"

Eleuterio alimwita Yobana, akampa sahani ile kama ilivyo.

"Kafungue kifurushi," akamwambia. "Ukifunge upya. Utie madaftari."