Kengele ya Kuhesabiwa

Apolonia alipolikuta kufuli kwenye mlango wa dharura wa bweni, hata salamu ilimkatikia njiani.

"Shikamoo Bi Hamida. Hili limewekwa na nani?"

"Marahaba. Na mimi," akajibu matroni, bila kuona haya. "Kwa usalama."

"Usalama wa nini?"

"Wa watoto! Watu wa Miteja na Kiswere wametukabidhi mabinti zao. Unataka nilaze wasichana milango wazi, wahuni waingie?"

"Na moto ukiwaka?"

"Moto hapa haujawahi kuwaka, Mama Jonas. Wahuni wapo kila siku."

Neno ni moja, usalama, na wanawake wawili walikuwa wanalivutania kama doti la khanga kwenye mnada. Apolonia hakuwa mtu wa kubembeleza. Akaomba ufunguo, akalitoa kufuli, akamwambia matroni atoke nje kupitia mlango ule. Bi Hamida akausukuma, ukafunguka. Akatoka, ukajifunga nyuma yake. Akatafuta mpini wa kuuvuta, hakuna. Akagonga mpaka akafunguliwa.

"Mhuni hana pa kushika," Apolonia akamwambia. "Mtoto anasukuma tu."

Bi Hamida akalitia kufuli mfukoni. "Ungesema hivyo tangu mwanzo," akanung'unika.

Haikuwa siku ya kugombana. Bweni lile jipya, kando ya barabara ya Lindi, lilikuwa kazi yake ya mwisho kabla Bodi ya Wahandisi haijamwita kwenye usaili wa usajili. Kila njia ya kutokea, kila dirisha lililoachwa bila nondo, lilikuwa limepita kwenye kalamu yake. Alikuwa ameanza na diploma ya ujenzi, fundi sanifu wa kushikia wenzake ngazi. Akarudi darasani na watoto wawili mgongoni, maana baba yao alikuwa hodari wa kusafiri tu. Sasa alikuwa mhandisi mhitimu, cheo ambacho hakikumruhusu kugonga muhuri hata kwenye mchoro wa banda la kuku. Kilichobaki ni saini ya msimamizi wake, Mhandisi Sadick, aliyekuja kutoka Lindi kushuhudia zoezi la moto. Kesho yake Sadick alikuwa anahamia Dodoma. Akisaini leo, jina la Apolonia litaingia kwenye kikao kinachokuja. Asiposaini, subira tena.

"Tuanze," Sadick alisema. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo yalikuwa "kwa nini".

Wasichana, waliokuwa bado hawajahamia, waliingia bwenini, wakalala vitandani na sare zao, wakichekeana. Waliambiwa kuna zoezi; hawakuambiwa la nini. Kwenye mwisho wa jengo Apolonia aliwasha makumbi mabichi ya nazi ndani ya pipa la chuma, moshi ukaanza kujipenyeza kwenye korido. Mwalimu Pazi, mkuu wa shule, alikuwa amesimama kivulini na tai yake, akitabasamu kama bwana harusi. Jumatatu wazazi walikuwa wanakuja kwenye ufunguzi.

"Piga," Apolonia akasema.

Rimu la gari lililoning'inia kwenye mti, kengele ya shule, likapigwa. Ngo! Ngo! Ngo! Sauti ikafika mpaka barabarani. Apolonia akakaza macho kwenye milango miwili.

Hakutoka mtu.

Akasubiri. Kicheko cha ndani kilikuwa kimekatika ghafla, kama redio iliyozimwa. Moshi ulikuwa unazidi kuwa mzito.

"Kufuli!" Wazo likampiga kifuani. Bibi huyu kalirudisha! Akaingia mbio kwa mlango wa mbele, akaikata korido ya moshi bila kutazama pembeni, akaupiga mlango wa dharura bega kwa ndani. Mlango haukuwa na kitu. Ulifunguka kwa ulaini kama alivyouchora, nusura aanguke nje kifudifudi.

Akageuka. Ndani, wasichana wote walikuwa wamesimama. Kila mmoja kando ya kitanda chake, mikono imenyooka, kidevu juu. Moshi ulikuwa unawapita vichwani na hakuna aliyeinua mguu. Wengine walikuwa wanakohoa huku wamefumba midomo. Kitanda cha mwisho, kile cha karibu na pipa, alisimama msichana mwembamba, Warda, anavuta pumzi kwa mluzi. Ana pumu. Machozi yanamtiririka, naye bado amesimama wima.

"Tokeni!" Apolonia akapaza sauti. "Mnangoja nini? Tokeni!"

Macho yote yakageukia mlango wa mbele, kwa Bi Hamida.

"Sijawahesabu!" matroni akasema, kidole hewani. "Kengele ikilia ni kuhesabiwa. Atakayetoka kabla ya..."

Apolonia hakumsikiliza. Alishampata Warda, akamkumbatia kiunoni, akamtoa nje, akamkalisha penye upepo. Wengine wakafuata, na mwenzake akaja mbio na dawa ya kuvuta. Mvuto mmoja, wa pili, wa tatu; kifua kikaanza kutulia. Bi Hamida alikuwa amepiga magoti pembeni, anamfuta mtoto uso kwa ncha ya mtandio.

"Nimewafundisha mwenyewe," akasema. "Kengele, kitandani. Kengele, kitandani. Hata usingizini wanasimama."

"Na mimi sikuuliza," Apolonia akajibu. Sauti yake ilikuwa kavu. Hakuweza kuilainisha.

Mwalimu Pazi akaja akijipepea. "Basi, alhamdulillahi, ni zoezi tu. Watoto ni wazito kuelewa. Mhandisi, milango umeiona?"

"Nimeiona," Sadick akasema. Akafungua faili juu ya boneti ya gari. "Milango mizuri. Upana sawa, njia sawa. Zoezi ni la shule, Apolonia. Kilichoko mbele yangu ni mchoro wako." Akatoa kalamu.

Apolonia akaitazama ile kalamu. Kooni alikuwa na ladha ya makumbi. Angenyamaza tu, basi. Kunyamaza si kusema uongo, si ndivyo watu husema?

"Usisaini," akasema.

"Kwa nini?"

"Fungua ukurasa wa tahadhari. Nani ameandika kwamba kengele iliyopo itumike kwa moto?"

Sadick akafunua. Akasoma. "Wewe."

"Niliona ipo, inasikika mbali, nikafurahi. Nilipima sauti. Sikuuliza sauti hiyo inawaambia nini watoto. Milango yangu yote haina maana kama ishara yangu inawaambia wasimame."

"Dada Apolonia!" Mwalimu Pazi akaruka. "Unajichongea mwenyewe? Na mimi Jumatatu nina wageni!"

"Bora wageni walionuna kuliko wafiwa."

Sadick alikuwa bado ameshika kalamu. "Unajua mimi kesho sipo."

"Najua. Nipe mpaka alasiri. Watoto watalala tena humu baada ya kula, bila kuambiwa neno, bila moshi. Nitatumia kitu kingine."

Alasiri ilipofika, bweni kimya, Apolonia akazunguka nyuma ya jengo. Kwao Kipatimu hapakuwa na kengele za moto. Moto ukiingia kwenye mikorosho, mtu hupiga yowe, na kila mwenye miguu hutoka. Akatia mkono mdomoni, akaliachia. Yowe refu la kukatakata, la tumboni.

Mlango wa dharura ukafunguka kwa kishindo. Wasichana wakamwagika nje pekupeku, mmoja nywele nusu zimesukwa, mmoja anaburuta shuka, Bi Hamida katikati yao anawasukuma mgongoni, "Nendeni! Nendeni!" Hakuhesabu hata mmoja mpaka wote walipofika uwanjani.

Apolonia alikuwa bado hajashusha mkono alipoona vumbi barabarani. Wanaume wenye mapanga, wanawake wenye ndoo, kijana mmoja na tawi bichi la kupigia moto. Yowe halichagui masikio.

"Moto uko wapi?" mama mmoja akauliza, anahema, maji yanamwagika.

"Haupo, mama. Nisameheni, nilikuwa najaribu."

"Unajaribu yowe?" Yule mama akamtazama juu mpaka chini. "Yowe halijaribiwi, mwanangu. Keshokutwa ukiungua, tutasema unajaribu." Akaimwaga ndoo miguuni pake, akageuka. Wengine wakamfuata wakisonya.

Sadick alikuwa ameegemea gari. "Wametoka," akasema. "Wote. Lakini siwezi kusaini koo la mtu."

"Sijakuomba." Apolonia akalichukua faili, akapiga mstari juu ya sentensi yake ya kengele, akaandika: king'ora, mlio usiofanana na wowote unaotumika shuleni, matroni na wanafunzi wafundishwe kabla ya kuhamia. "Nitachora upya. Nitakutumia Dodoma."

"Nitausoma kama sijawahi kukuona."

"Ndivyo ninavyotaka. Na kikao hiki?"

"Kimekupita, Apolonia."

Alijua. Hata hivyo lilipotamkwa lilimkata, ikabidi ainame kukung'uta tope viatuni mpaka uso umkae sawa.

Gari lilipoondoka, Mwalimu Pazi akamsogelea, tai imelegea. "Wazazi nitawaambia nini sasa? Kwamba mhandisi amezuia? Wewe bado hata si mhandisi!"

"Basi waambie Apolonia amezuia." Akamkabidhi ncha ya futi kamba. "Shika hapo, mwalimu. Usiachie."

Akaanza kurudi kinyumenyume kwenye korido, akitafuta ukutani mahali pa kukiweka king'ora.