Muuguzi wa Zamu

Nani alikuwa wa kwanza kusema? Nilijiuliza hivyo nikiwa nimepiga magoti katika chumba cha kumbukumbu cha chuo, majalada yamenizunguka pande zote na vumbi limenitanda hadi kwenye kope.

Majuma mawili kabla ya hapo nilikuwa nimeketi katika chumba cha Shangazi, katikati ya sare za shule alizokuwa akizishona, nikimsomea makala yangu ya kwanza kuchapishwa. Macho yake hayakuziweza tena herufi ndogo. Nilisoma kwa madaha. Makala ilihusu historia ya hospitali ya mji wetu, na nilipofika kwenye adhuhuri ile ambayo umeme ulikatika na watoto njiti wanne wakafariki, nilipaza sauti: "Kama inavyojulikana, muuguzi wa zamu aliitoroka wodi."

Cherehani ikanyamaza.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akataka kujua kama nilimuuliza huyo muuguzi mwenyewe. Nikamjibu, kwa kiburi ambacho hadi leo kinanichoma, kwamba vitabu vitano vimesema hivyohivyo.

"Vitano?" Akakata uzi kwa meno. "Basi mimi nimeshindwa kwa kura, msomi wangu."

Nyumbani tulijua kwamba aliwahi kuwa muuguzi, akaacha kwa sababu ya miguu. Siku hiyo ndipo nilipoelezwa, taratibu, huku akiendelea kukunja pindo la sketi, kwamba adhuhuri ile alikuwa peke yake na watoto kumi na mmoja. Kwamba alikimbia kumtafuta fundi wa jenereta akakuta kufuli mlangoni. Na kwamba aliporudi akihema, mkaguzi alikuwa tayari amesimama wodini na daftari lake.

Katika vile vitabu vitano, mimi nilikuwa nimesoma kimoja tu. Vingine vinne nilivichukua kwenye tanbihi zake, nikaviorodhesha kana kwamba nimevifungua. Ndivyo tulivyozoea darasani. Tuliuita ujanja huo kupanda mgongoni.

Basi nikaanza kushuka, mgongo mmoja baada ya mwingine. Kitabu cha tano kilisema alitoroka, kikamtaja mwandishi wa nne. Wa nne alisema bila shaka aliondoka, akamtegemea wa tatu. Wa tatu alisema inaelekea. Wa pili alisema huenda, na wa kwanza akaielekeza tanbihi yake kwenye taarifa ya mkaguzi. Niliipata chini ya jalada la mwisho: karatasi moja, iliyopigwa chapa kwa wino hafifu. "Muuguzi wa zamu hakuonekana wodini nilipofika. Hakuhojiwa."

Kati ya maneno hayo na yangu, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameongeza ushahidi. Tulikuwa tumeongeza uhakika tu.

Nilimpelekea Shangazi nakala. Aliishika mbali na uso, akaniomba nimsomee, kisha akaiweka chini ya mkasi ili isipeperuke.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Lakini hata mkifuta vitabu vyote, wale watoto ni walewale wanne."

Akakanyaga cherehani. Sikujua niiweke wapi mikono yangu.

Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya jopo lililokuwa likiipitia tasnifu yangu, ambayo sura yake ya tatu ilijengwa juu ya makala ile. Msimamizi wangu, mtu mpole, alishauri niongeze tanbihi fupi ya masahihisho, nihitimu pamoja na wenzangu. Mwenyekiti akatabasamu, akanipongeza kwamba makala ilikuwa imeshanukuliwa na watafiti wawili.

Wawili. Nilimwona muuguzi wangu akikimbia tena kwenye korido za hospitali, safari hii nikiwa mimi ninayemfukuza.

"Naiondoa makala," niliwaambia. "Leo nitawaandikia hao wawili. Na mwaka huu sitahitimu; sura ya tatu naiandika upya, nikianza na mtu ambaye hakuhojiwa."