Rungu la Vifuniko

Asubuhi ile kampuni ililizungushia jalala uzio wa waya, na gunia la Mama Meno likabaki ndani. Lilijaa vifuniko vya chupa, kazi ya wiki tatu, vyote vya plastiki laini. Alivichambua kimoja kimoja kwa kuviuma. Ndiyo ilikuwa kazi yake pale jalalani kwa miaka kumi na tisa. Plastiki ikikubali alama ya jino, ni laini. Ikipasuka, ni ngumu. Wenzake walimletea vipande avionje, wakimtania kwamba akifa meno yake yarithiwe.

Akapita chini ya waya kwa tumbo, vumbi puani. Jasho lake lisingeenda bure hivi hivi.

Aliyemkuta ndani ni mume wa dada yake, mwokotaji mwenzake hadi mwezi uliopita. Sasa alikuwa mlinzi, amevaa buti za kampuni na kushika rungu la plastiki ya rangirangi.

"Shemeji, rudi ulikotoka. Wageni wako njiani."

"Nachukua gunia langu, naondoka. Sina neno na mtu." Akalikamata gunia.

"Taka ni za kampuni siku hizi."

"Tangu lini? Nilipokuwa nazitia mdomoni zilikuwa za nani?"

Meneja alitokea nyuma ya mashine ya kuyeyushia plastiki, akatazama saa. "Huyu bado yupo?" akamuuliza mlinzi kwa upole. "Au na wewe unataka kurudi kuokota?"

Shemeji akainua rungu. Pigo la kwanza liliuvunja mkono ulioshika gunia. Hakuachia. La pili lilitua mdomoni, meno manne yakang'oka, na ulimi wake, uliozoea kazi, ukaitambua plastiki ile kabla maumivu hayajafika. Vifuniko. Vya kwake mwenyewe, alivyoiuzia kampuni mwaka jana.

Alikokotwa kwa miguu, akatupwa nje ya uzio. Gunia likamiminwa kwenye mashine.

Wageni walifika na kamera zao. Meneja alilichukua rungu kwa mlinzi, akalipangusa kwa leso. "Bidhaa yetu ya kwanza. Juzi tu ilikuwa taka. Huu ndio uchumi wa mzunguko: hapa hakitupwi kitu."

Mgeni mmoja aliligeuzageuza. Kidole gumba chake kikasimama. "Na hivi vishimo?"

"Hilo halina shida. Tutaliyeyusha upya."

Upande wa pili wa waya, Mama Meno alifungua mdomo aseme, ikatoka damu tu. Shemeji akaenda stoo kuchukua rungu jingine.