Injini Niliyoichafua

Niseme mapema kwamba nilichoombwa ni kubandika ngazi. Ngazi moja, fupi kama kidole cha mtoto, iliyong'oka kwenye ile injini ndogo ya baba, mfano wa injini ya garimoshi, siku mama alipokuwa akifuta vumbi kabatini. Baba aliniletea injini na kipande chake vimefungwa katika taulo, akasema, "Binti yangu, wewe una mikono ya kazi ndogondogo. Niunganishie tu." Hilo neno "tu" nililisikia vizuri. Siwezi kusingizia masikio.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Watu hudhani ugumu uko kwenye kuchonga, kumbe uko kwenye kuchafua. Jino jeupe pe humuumbua mwenyewe kila akicheka, kwa hiyo nalitia manjano kidogo shingoni na ufa mwembamba wa rangi ya chai, mpaka lionekane limetafuna miaka arobaini. Nikitoka kazini, mkono ule ule nauhamishia kwenye vitreni vya mfano. Katika chumba cha uani nina meza, kompresa ndogo, na kibomba cha kupulizia rangi chembamba kama kalamu. Kitreni kikitoka kwenye boksi kinang'aa kama pipi. Mimi nakipaka kutu, vumbi na mafuta yaliyomwagika, mpaka mtu aamini kwamba kimefanya kazi. Katika hilo, bila kujisifu, hakuna anayenifikia. Haya, najisifu.

Ya baba haikuwa ya boksi. Wenzake wa karakana ya reli waliiunda wenyewe kwa bati na shaba, wakampa siku alipostaafu udereva wa garimoshi. Ilikuwa na urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko, nyeusi, yenye kung'aa, na ubavuni ilikuwa na mstari mwekundu mwembamba. Mstari huo aliuchora mzee Beleshi, mtia makaa wake, aliyekaa naye kwenye injini moja miaka kumi na tisa. Namba iliyoandikwa kibandani, pale akaapo dereva, ndiyo namba ya injini yao.

Ngazi niliibandika kwa dakika kumi. Kisha nikaiangalia injini nikaona hapana, huu si ukweli. Baba niliyemjua mimi alikuwa akirudi nyumbani mweusi. Masizi kwenye kola, masizi ndani ya masikio, maji aliyooga yakitoka meusi tii. Na hapa ndipo penye kidonda changu. Nikiwa darasa la tano nilisahau daftari nyumbani, baba akaniletea shuleni akitoka zamu, hajabadili nguo. Wenzangu wakaniuliza yule ni nani. Nikasema ni muuza mkaa. Sijui kama alisikia. Alinipa daftari akaenda zake, na hatujawahi kuliongelea, mimi nikiwa sasa na miaka hamsini na mbili.

Nikajiambia nitampakia masizi yake. Nitayapaka vizuri mpaka ajue kwamba nayaheshimu, kwamba yule mtoto mjinga amekua. Nilitaka kumwomba radhi kwa kibomba kwa sababu mdomo ulikuwa umenishinda miaka yote.

Siku ya pili mama alichungulia akanikuta napiga msasa ili rangi mpya ishike.

"Umemuuliza baba yako?"

"Ni zawadi, mama. Zawadi haiombewi ruhusa."

"Kitu chake mwenyewe ndio unampa zawadi?"

Nikacheka. Akaondoka akiburuta kandambili, na mimi nikafunga mlango. Baba hakuwa na hatari ya kuingia, maana harufu ya tina ya kuzimulia rangi humpa kikohozi.

Nilifanya kazi wiki mbili. Nilichanganya nyeusi na tone la kahawia, nikaizimua mpaka ikawa nyepesi kama maziwa, nikapunguza upepo wa kompresa na kupuliza kuanzia bomba la moshi kurudi nyuma, jinsi moshi unavyolala injini ikiwa mwendoni. Magurudumu niliyapaka unga wa rangi ya kutu. Chini ya valvu nilichora michirizi myeupe ya chokaa, ile inayobaki maji yakivuja na kukauka. Niliiona kwenye picha moja ya jarida na ilinipendeza. Mwisho nikapulizia vanishi isiyong'aa, ili kila kitu kikae pale milele. Nilipomaliza nilizima kompresa, nikaketi nikaiangalia nusu saa nzima. Kichwa kilinivimba hasa.

Wastaafu wa reli hukutana Jumamosi moja kila mwezi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwezi ule ilikuwa zamu yetu. Walikuja wanne: mzee Beleshi na fimbo yake, mafundi wawili wa karakana, na mkaguzi, mzee mrefu mkavu ambaye enzi zake hakuna injini iliyotoka bila yeye kuipapasa kwa kitambaa cheupe. Nikaamkia, nikamwaga chai. Injini nilikuwa nimeiweka katikati ya meza na kuifunika kitambaa. Baba mwenyewe alikuwa hajaiona. Nilimwambia asubiri, na yeye akasubiri, anatabasamu.

"Binti yangu kanitengenezea ngazi," aliwaambia.

Nikafunua.

Nilitarajia mshangao na niliupata. Wazee walisogeza shingo mbele wote kwa pamoja. Baba tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yalikuwa yameshaondoka. Kisha fundi mmoja akaanza kucheka.

"Ee, jamani! Hii imetoka kuzimu au imetoka zamu?"

"Kutu mpaka kwenye magurudumu," mwenzake akadakia. "Mafuta yalikuwa yanakwenda wapi? Alikuwa anakaangia?"

Mkaguzi alivaa miwani, akainama, akaelekeza kidole kwenye michirizi yangu myeupe, ile niliyoipenda kuliko vyote. "Hapa maji yanavuja, dereva anaona, anajifanya haoni. Injini kama hii ningemrudisha mtu nyumbani siku hiyo hiyo. Dereva gani huyu?"

Wakacheka tena. Halafu mmoja wao akasoma kwa sauti namba iliyokuwa kibandani, namba ya baba, na kicheko kikakatika.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi kwenye rangi ile nilisoma jasho na heshima. Wao walisoma uvivu, kwa sababu kwao kila doa lilikuwa na maana, na maana zote zilikuwa zinamwangukia mtu mmoja. Nilikuwa nimemwandikia baba ripoti mbaya na kuiweka mezani mbele ya watu pekee duniani wenye uwezo wa kuisoma. Uso ulinishuka. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu, "ni mimi", na sikuyasema.

Baba ndiye aliyesema.

"Nilimwagiza mimi," alisema, akaweka kikombe chini. "Ile miezi ya mwisho niliiacha. Magoti yalikuwa yananisumbua, nikawa siifuti tena. Nikamwambia aipake jinsi ilivyokuwa, asiipake jinsi mlivyonipa."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya biskuti, akainamisha macho. Mzee Beleshi alimtazama baba kwa muda mrefu, kisha akagonga fimbo sakafuni.

"Kweli," alisema. "Hata mimi mwishoni nilikuwa mvivu wa tambara."

"Basi binti ana mkono," mkaguzi akanigeukia, kwa upole ambao sikuustahili. "Kazi safi."

Nami nikasema, "Asante."

Nilisema asante. Nimejitafutia udhuru wa neno hilo kila upande na sijaupata. Baba amelichafua jina lake mbele ya wenzake ili kunifichia aibu, na mimi napokea pongezi, halafu naongeza watu chai.

Walipoondoka, baba alibaki mezani. Alikuwa amechukua leso, anasugua ubavu wa injini polepole, kwa mazoea ya mkono. Vanishi yangu haikusogea hata kidogo.

"Baba, nilifikiri..." nikaanza. "Wewe ulikuwa unarudi umejaa masizi. Mimi nilitaka..."

"Unafikiri yale masizi nilikuwa nayatoa wapi?" aliuliza. Hakuwa na hasira, na hilo lilinimaliza. "Nilikuwa nayatoa kwenye injini. Zamu ikiisha, mimi na Beleshi tunaifuta saa nzima bila kulipwa, mpaka mabomba ya chini yasiyoonwa na mtu. Yanatoka kwake yanakuja kwetu. Ndiyo maana nilikuwa narudi vile."

Nikasema nitaisafisha, nitaondoa rangi yote. Akauliza kama mstari wa Beleshi ungali chini yake. Ningeweza kudanganya, lakini uongo wa siku ile ulikuwa umeshatosha.

"Haupo. Nilipiga msasa."

"Haya," alisema baba, akaikunja leso.

Asubuhi nilimpigia mzee Beleshi simu nikiwa nimejifungia chumba cha uani. Nilimmwagia yote bila kupumua: kwamba baba hakuniagiza kitu, kwamba wazo lilikuwa langu na kiherehere changu, kwamba hata mstari wake nimeufuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimeishi kwenye injini ile. Siku baba yako anastaafu ungeweza kujitazama kwenye ubavu wake ukanyoa ndevu. Tulijua anadanganya tangu alipofungua mdomo. Wote tulijua. Hajui kudanganya mzee wako, hata zamani kwenye karata tulikuwa tunamla tu."

"Mbona hamkusema?"

"Tuseme nini? Alikuwa anakutazama wewe." Akakohoa. "Mstari nitauchora mwingine, mkono ukikubali. Ila nakuomba kitu kimoja. Usimwambie kwamba tulijua. Ataona tumemwonea huruma. Muache na uongo wake."

Nikaahidi. Kuahidi ni rahisi, na hata hii ahadi ilinifaa mimi: baba asingejua kwamba wenzake wote waliniona nikisema asante huku wakijua ukweli.

Nilimkuta barazani, injini imelala magotini kwake, chafu kama nilivyoiumba. Nikaketi kwenye ngazi za baraza. Mtu alipita barabarani na mkokoteni, akasalimia, tukaitikia.

"Unadhani waliniamini?" baba akauliza ghafla.

Nilikuwa na jibu tayari, lile nililoahidi. "Walikuamini, baba."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akaupapasa mdomo wake kwa kiganja, kama mtu anayezuia neno, na neno likatoka hata hivyo.

"Hata Beleshi?"

Nikamtazama. Hakuwa anauliza kama uongo wake ulishika. Alikuwa anauliza kama mtu aliyefuta naye mabomba yale miaka kumi na tisa angeweza kweli kuamini jambo kama lile juu yake. Usiku kucha alikuwa amelala na swali hilo, na mimi ndiye niliyemlaza nalo. Nikiumeza ukweli tena, sitautema kamwe.

"Hapana," nilisema. "Nimekudanganya sasa hivi. Nimeongea naye asubuhi. Hakuamini hata kidogo. Hakuna aliyeamini, baba. Wanajua ilikuwa safi. Wanajua ni mimi niliyeichafua, na wanajua nilikaa pale nikakuachia uibebe lawama."

Uso uliniwaka mpaka shingoni. Nilingoja anikaripie kwa kumuumbua, au aseme nilipaswa kuyasema haya jana wakiwa mezani. Aliangalia barabara, na kidole chake gumba kikawa kinapita juu ya michirizi yangu myeupe, kinakwenda na kurudi.

"Hata mkaguzi?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Hata mkaguzi."

"Sema tena."

Nikasema tena.