Kiwanja cha Mdogo Wake

Mvua ikianza kunyesha watu wengine hutafuta mwavuli. Mama Kimya alitafuta ndoo. Maktaba aliyoisimamia ilikuwa na paa la bati lililooza, na kila tundu alilijua: moja juu ya kamusi, jingine juu ya meza ya magazeti, na lile baya kuliko yote juu ya vitabu vya watoto, ambalo lilihamahama kama lina miguu. Jina la Mama Kimya alipewa na wasomaji, maana hilo ndilo neno walilolisikia kwake kuliko hata salamu.

Mdogo wake, tumbo moja, naye alikuwa mkutubi katika mji wa jirani. Kazi alifundishwa na dada yake: kupanga rafu, kushona majalada, hata kuwakazia macho wanaokunja kurasa. Lakini huyu hakuwa na jengo hata la kuvuja. Vitabu vyake vilikaa katika ghala kuukuu la halmashauri lisilo na dirisha.

Basi serikali ilipotangaza fungu la kujenga na kukarabati maktaba za umma, wote wawili waliomba. Mkubwa aliomba paa, mdogo akaomba jengo. Majibu yalipotoka, mdogo alipewa jengo zima, la ghorofa, lenye chumba cha watoto peke yao. Mkubwa akaambiwa avute subira, awamu ijayo atafikiriwa.

"Dada, tumepata," mdogo alisema kwenye simu. "Bila wewe nisingejua hata pa kuanzia."

"Hongera, mdogo wangu. Umestahili."

Aliyasema vizuri, tena kwa kicheko. Simu ilipokatika akakuta ameukunja ukurasa wa kitabu alichokuwa nacho mkononi.

Nyumbani mume wake akazidi kukitia kidonda chumvi. "Shemeji ana nyota. Jumamosi nitakuwa naenda kusomea magazeti kule, huku maji yananidondokea kisogoni."

Siku hiyo mume alijipakulia chakula mwenyewe.

Akiwa kazini alijiuliza, mimi niliyemshika mkono ndiye nibaki na ndoo? Akijilaumu kidogo, kijicho kinarudi mbio kama mbuzi aliyefukuzwa shambani. Ndivyo alivyokuwa siku injinia wa wizara alipopita kwake, akielekea kukagua kiwanja cha mdogo mtu.

"Mama, nasikia nyinyi ni wazaliwa wa kule," injinia alisema. "Kile kiwanja nyuma ya soko kikoje? Maji hayatuami?"

Mama Kimya alikijua. Walipokuwa wadogo waliwahi kukiona kimejaa maji, bomba la halmashauri lilipopasuka. Mara moja tu, na bomba likazibwa.

"Pale panajaa maji," akasema. "Nimepaona kwa macho yangu, pamekuwa bwawa."

Ulimi hauna mfupa. Injinia alimshukuru, akaondoka.

Ujenzi ukasimamishwa mpaka udongo upimwe. Na kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali ulikuwa ukingoni, fungu lisilotumika lingerudi hazina, wizara ikaona heri lihamie kwenye maktaba ya karibu yenye shida. Maktaba hiyo ilikuwa ya Mama Kimya.

Mafundi walikuja na mbao, mabati na kelele. Mama Kimya alitazama bati la kwanza jipya likipanda juu, akangoja furaha imjie. Aliyekuja ni mdogo wake, kitambaa kichwani, kusaidia kuhamisha vitabu visije vikaharibika kwa vumbi.

Walifanya kazi bega kwa bega. Mdogo alifuta kila kitabu kabla hajakitia kwenye boksi, vile vile alivyofundishwa. Hakulalamika, hakumtaja injinia. Mama Kimya akavumilia mpaka walipofika kwenye rafu ya watoto, akaketi chini.

"Mdogo wangu, ni mimi niliyemwambia injinia kwamba kiwanja chako kinajaa maji."

"Najua. Aliniambia mwenyewe baadaye."

"Na ukaja kunisaidia?"

"Nilikuja kuona utakaa nalo mpaka lini." Mdogo aliendelea kufuta, hakuinua uso. "Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Mimi nilikuwa namtafuta adui yangu wizarani. Nimelia mpaka nimechoka. Mtu baki angenifanyia hivi ningemsahau. Wewe nitakusahau vipi?"

Mama Kimya alichukua kitabu kilichofuata, akakifuta. Neno lake la siku zote lilimgeukia yeye.

Wiki hiyo alifunga safari hadi wizarani, akasimama mbele ya kamati ya fungu lile na kueleza habari za bomba. Mwenyekiti alimuuliza kwa nini hakuzisema mapema. "Niliona wivu," akajibu. Wajumbe wakatazamana, mmoja akakohoa. Alipewa karipio kali, na cheo alichokuwa karibu kukipata akakikosa. Udongo ulipimwa, ukaonekana mkavu na imara, na bajeti iliyofuata ilimrudishia mdogo wake jengo lake.

Siku ya ufunguzi mdogo alimwalika, ingawa simu zao siku hizi zilikuwa fupi. Mama Kimya alipanda ngazi pole pole, akipapasa ukuta. Mwanga ulijaa kila pembe. Watoto walikuwa wamelala kifudifudi kwenye zulia, wanasoma. Yule mume wake alikuwa ameshatwaa kiti karibu na dirisha, gazeti limemfunika uso.

"Umepaonaje, dada?" mdogo aliuliza, amesimama mbali kidogo.

"Pazuri," Mama Kimya alisema, na kitu kikamchoma kifuani, kile kile cha zamani, hakijapungua hata chembe. "Pazuri kuliko kwangu. Inaniuma, lakini nafurahi pia."

Mdogo akavuta kiti, akamsogezea.